Bomba Lililonyooka Mno

Fundi Yahaya Jumbe alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni kunyoosha. Ukimkaribisha chai nyumbani kwako, kabla hajakaa atauvuta mkeka mpaka uende sawasawa na ukuta. Ukiwa umetundika kalenda imeenda upande, mazungumzo hayaendi mpaka ainuke akaiweke sawa. Mkewe, Mwaija, alishamwambia siku nyingi, "Baba Sada, mimi si bomba. Niache nilale nimekunja magoti yangu."

Kazi yake ilikuwa ufundi bomba, mjini Mwanza. Baba yake alikuwa Mzaramo aliyekuja na mafundi wa Wajerumani, akaoa huku huku, akafia huku huku, akamwachia mwanawe spana moja nzito na tabia ya kutoamini kitu kilichopinda. Nyumba yoyote aliyoiwekea maji Yahaya uliijua kwa kuitazama tu: bomba la chuma limepanda ukutani limenyooka, viungo vimekazwa kwa katani na rangi, hakuna tone. Akimaliza alikuwa anafumba jicho la kushoto, anainama, anachungulia urefu wa bomba lake kwa jicho la kulia, halafu anasema, "Limenyooka." Basi. Hapo ndipo unapoweza kumletea maji ya kunawa.

Na katika miaka thelathini ya kazi hakuna aliyemsikia akisema "nimekosea". Si kwamba hakukosea, jamani, nani asiyekosea? Lakini bomba likivuja, ilikuwa katani mbovu. Koki ikikwama, ni mchanga wa ziwani. Siku moja alitoboa ukuta wa chumba cha jirani badala ya jiko la mwenye nyumba, akasema nyumba ilijengwa mahali pasipo pake.

Mtu mmoja tu hakumwogopa, naye ni Dorotea wa Igoma, nje kidogo ya mji, mjane wa Kisukuma aliyeuza michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa vipande na kukaushwa. Aliianika juu ya yale mawe makubwa yaliyo nyuma ya soko la Igoma. Sasa, Msukuma na Mzaramo ni watani, wala usiniulize tangu lini, ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Mtani anaweza kukusema mbele ya mkweo, akakuita jina la mbuzi, na wewe kazi yako ni kucheka. Ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Kwa hiyo Yahaya alipopita Igoma na mfuko wake wa vyuma, Dorotea alisimama katikati ya njia, akafumba jicho la kushoto, akainama na kumchungulia kutoka kichwani hadi miguuni. "Hapana," alisema. "Huyu kapinda. Rudisheni Uzaramoni wakamnyooshe."

Yahaya alicheka, maana ilimbidi.

Basi, mwaka 1961, mwezi wa saba, Igoma wakaitana mkutano sokoni. Katibu wa kamati alikuwa Mihayo, mwalimu kijana mwenye haraka zake. Alimwita fundi Yahaya mbele ya watu wote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Tarehe tisa Desemba tunapata Uhuru. Bendera itapanda hapa tuliposimama. Sisi kamati tunataka siku hiyo hiyo, hapa hapa, maji yatoke bombani. Tangi liko juu kilimani, chemchemi inalijaza. Limebaki suala la kuyateremsha tu."

"Tu," akasema Yahaya. Aliitazama njia. Hatua mia tatu kutoka tangi hadi soko, na zaidi ya nusu yake ni mwamba mtupu, ukipiga jembe linakurudia usoni. Hakuna kufukia. Bomba lingelala juu ya jiwe, juani, kutwa nzima, na mawe ya Igoma saa sita mchana hata mbwa hakanyagi. Na bomba la chuma, kwa michango iliyokusanywa, lisingefika hata nusu ya njia.

"Siku hizi kuna mabomba ya plastiki," Mihayo akasema.

"Plastiki si ya mabakuli?"

"Kuna ya aina mbili mjini, fundi. Uchague wewe. Kama kazi hii ya kisasa ni nzito, tunaweza kumtafuta fundi kijana..."

Hapo alimgusa pabaya. Yahaya alikuwa anakaribia hamsini. Kwa muda sasa alikuwa akiona vijana mjini wamebeba mabomba begani kama mtu aliyebeba muwa, wakati yeye chuma kimemfanya bega moja liwe chini ya lingine. Usiku alikuwa akijiuliza, chuma kikiisha kutakiwa, mimi nitakuwa nani? Hakumwambia mtu, lakini aliogopa. Na mwanamume akiogopa mbele ya watu, hujisifu. Aliinyanyua ile spana ya baba yake.

"Sikilizeni! Maji yasipotoka hapa siku ya Uhuru, spana hii nampa Dorotea asongee ugali!"

Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka. Dorotea akapaza sauti kutoka nyuma: "Nimesikia! Na sufuria ninayo!"

Yahaya alirudi mjini, akatafuta vipande viwili vya majaribio. Kimoja kilikuwa plastiki ngumu, rangi ya kijivu, kimenyooka chenyewe bila kuambiwa. Alikipenda papo hapo. Cha pili kilikuwa mpira mweusi uliovingirishwa, ukiunyoosha ukiuachia unajikunja tena, unakucheka. Huo aliuchukia. Lakini fundi ni fundi. Hakununua kwa macho. Alichukua ngazi akavipandisha vyote viwili juu ya paa lake la bati, akavilaza juani.

"Baba Sada," Mwaija akauliza kutoka uani, "watu wanaanika dagaa, wewe unaanika nini?"

"Ninaanika kazi."

"Haya. Ikikauka uniambie niikaange."

Kila Ijumaa akitoka msikitini alipanda ngazi. Alivigonga, akasikiliza. Alivishika, akavipinda, akaving'ata meno, Mungu anajua alikuwa akitafuta ladha gani. Mwezi wa saba ukapita, wa nane, wa tisa, jua la kiangazi linachoma bati mpaka linalia. Mwezi wa kumi akaviteremsha.

Kile kipenzi chake cha kijivu kilikuwa kimepauka kama miguu isiyopakwa mafuta. Pale kilipokosa kuegemea, kilikuwa kimelegea mchana na kubonyea mgongo. Hayo angeyasamehe. Lakini alipokiachia kutoka urefu wa kiuno, kikagonga jiwe la kufulia, kikapasuka vipande viwili. Yahaya aliviokota akavishika muda mrefu. Alihuzunika kweli, kama mtu aliyemsifu mkwe kumbe mlevi.

Mpira mweusi ulikuwa ule ule. Mchana ulilainika, jioni ulirudia hali yake. Akauangusha: haukusema kitu. Akaukanyaga: haukusema kitu. Akaupiga kwa spana ya baba yake: ukairudisha spana.

"Ni huu," alimwambia Mwaija, kwa sauti ya mtu anayeungama. "Jua haliuwezi."

"Sasa mbona umenuna?"

"Haunyooki."

"Si utaunyoosha wewe? Kwani nani ameshinda mikono yako?"

Mwaija alisema kwa kumtania, masikini, lakini Yahaya aliyachukua maneno hayo moja kwa moja hadi Igoma.

Mwishoni mwa Novemba wakaanza kulaza. Mpira ulikuja katika mizingo mikubwa, kila mmoja hatua thelathini hivi, na kati ya mzingo na mzingo kulikuwa na kiungo cha shaba kinachochomekwa pande zote na kukazwa kwa vifungo vya waya. Yahaya alitandika uzi kutoka tangini hadi sokoni. Alisubiri saa sita, jua limesimama utosini na mpira umelainika, ndipo ukubali kutii. Akapanga wanaume sita upande mmoja na sita upande mwingine, wakauvuta mpaka ukakaa juu ya uzi bila kukosa hata unene wa kidole. Akakaza viungo. Hatua mia tatu, juu ya mwamba na chini ya mwamba, mstari mmoja. Wazee walitoka majumbani kuja kuutazama.

Dorotea alikuwa ameinama kwenye jiwe lake anageuza michembe. Wiki ile alikuwa ameomba kipande cha mpira kilichobaki, akakibana kati ya mawe mawili kiwe kizuizi, mbuzi wasifikie viazi vyake.

"Mtani," akaita. "Hebu njoo uone kitu."

"Nina kazi."

"Njoo, miguu yako haijanyooka kiasi cha kushindwa kupinda kona. Tazama. Kizuizi changu nakibana alfajiri, kimetoshea barabara. Saa hizi ona kilivyojipinda kama upinde. Jioni kinarudi. Mpira wako unarefuka juani, Mzaramo wangu. Na jua likizama, unafupika."

Yahaya akatabasamu kwa upole ule wa mafundi unaoudhi. "Mama Dorotea, kila bomba hurefuka juani. Hata chuma hurefuka, unene wa unywele. Nimefanya kazi hii miaka thelathini."

"Unywele wa nani? Mbona huu ni mkia wa ng'ombe?"

"Wewe tazama viazi, mimi nitazame bomba."

Alifumba jicho la kushoto, akainama, akachungulia. "Limenyooka," akasema. Wakafungulia maji, yakafika sokoni, akina mama wakapiga vigelegele, Mihayo akamshika fundi mkono kwa mikono yote miwili. Wakafunga koki kusubiri siku yenyewe. Siku kadhaa zikapita za jua na joto, usiku nao wa joto, na kila kitu kikakaa mahali pake. Yahaya alilala usingizi wa mtoto.

Usiku wa kuamkia tarehe saba ikanyesha mvua. Si mvua, ni gharika, na upepo wa ziwani wenye baridi ya kugonganisha meno. Mawe ya Igoma yalipoa kama mitungi.

Asubuhi Mihayo alikuja mjini kwa baiskeli, suruali imeloa tope hadi magotini. Hata shikamoo alisahau. "Fundi, bomba limekatika."

Halikuwa limekatika. Yahaya alipofika aliona mwenyewe. Mpira ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo, lakini ulikuwa umefupika kwa baridi, na kwa kuwa ulivutwa ukakazwa mchana wa jua kali, haukuwa na pa kutolea huo ufupi. Umejing'oa kwenye viungo. Kiungo cha kwanza kimechomoka, cha pili kimechomoka, kila mahali kuna nafasi ya shibiri kati ya mpira na shaba. Tangi lilikuwa limemwaga maji yote mlimani, na chemchemi ile ilihitaji siku mbili kulijaza. Siku mbili ndizo zilizobaki.

Soko zima lilikuwa limekusanyika. Mihayo alikuwa akiuma kalamu. Yahaya aliinama akashika ncha ya mpira. Kichwani maneno yalikuwa yakijipanga yenyewe, kama kawaida yake: viungo vibovu. Waya dhaifu. Wamevuta vibaya wale sita wa upande wa chini. Alifungua mdomo.

"Uuuuwi! Uuuuwi jamani, marehemu wetu!"

Alikuwa Dorotea. Amejifunga kitambaa cha msiba kiunoni, amejipaka majivu usoni, na mkononi ana sufuria. Alijitupa chini kando ya bomba, akalala, akajinyoosha twaa, mikono ubavuni. Watu wakaelewa mara moja. Kwetu mtu akifa, mtani wake ndiye anayeruhusiwa kufanya vituko msibani. Anamwigiza marehemu, anawachekesha wafiwa, anazuia jeneza lisitoke, na hakuna kuzika mpaka apewe anachodai. Dorotea alikuwa ameanzisha msiba wa bomba.

"Alikuwa mnyoofu!" akalia. "Hakupinda hata kwa wakwe! Alikufa amenyooka, akaona bora akatike kuliko alegee!" Akainuka, akafumba jicho la kushoto, akamchungulia Mihayo. "Wewe umepinda! Toka msibani!"

Mtu mmoja akacheka, halafu watu wote. Hata Mihayo alishindwa kujizuia. Yahaya peke yake hakucheka.

"Haya," akasema, "mama Dorotea, yatosha. Nipishe niunge."

Dorotea akaketi juu ya kiungo cha kwanza, sufuria mapajani. "Haungwi mtu hapa. Mtani sijapewa changu."

"Unataka nini? Spana? Siku haijafika."

"Spana yako ya kutu nitakula nayo nini? Nataka neno moja. Useme nani amemuua marehemu."

Kicheko kikaisha. Watu wote wakamtazama fundi, na yeye akaitazama mikono yake. Alijua. Tangu alipoiona nafasi ya shibiri kwenye kiungo cha kwanza alijua. Kama angesema ni waya, wangemtafutia waya mpya, angekaza tena, angenyoosha tena, na siku ya Uhuru bendera ingepanda juu ya koki kavu. Angekuwa mzee wa kuonyeshwa vidole. Lakini kulitamka! Nyuma ya umati alimwona Mwaija, aliyemfuata kwa miguu kutoka mjini, akihema, kanga imemtelemka begani. Mwaija alimwinamishia kichwa kidogo tu, kama anavyomfanyia mtoto wao Sada anapoogopa dawa.

"Ni mimi," akasema Yahaya.

"Sijasikia! Marehemu naye hajasikia!"

"Nimekosea!" Sasa ilitoka kwa kishindo, sijui ilikuwa imekaa humo miaka mingapi. "Nimekosea mimi, Yahaya bin Jumbe! Nimeufanya mpira kama chuma! Dorotea aliniambia, nikamwambia atazame viazi!"

Dorotea akainuka, akajipangusa majivu, akamkabidhi kiungo cha shaba kwa mikono miwili. "Mtani wangu," akasema taratibu, "sasa kazi. Tunaulazaje?"

"Tunauregeza," alisema Yahaya. "Asubuhi, wakati wa baridi. Na kila mzingo tunauongezea shibiri moja. Hapana, mbili."

Walifanya hivyo. Walikichukua na kile kipande cha kizuizi cha mbuzi, kikaongeza urefu. Akina mama wa michembe walileta mawe ya kuugandamiza hapa na pale usitambae, na nyasi za kuufunika, maana Dorotea alisema hataki kunywa maji ya chai asiyoitia majani. Mpira ukashuka kilimani ukipinda huku, ukirudi kule, kama njia ya ng'ombe. Yahaya alikaza kila kiungo kwa mkono wake. Alipomaliza alifumba jicho la kushoto kwa mazoea, akainama, akaona alivyoona, akalifumbua jicho haraka.

Tarehe tisa, bendera ikapanda. Watu wanaimba, wanalia, wanakumbatiana, na Yahaya hana habari ya bendera, macho yako kwenye koki. Mihayo akaifungua. Ikakohoa. Ikatoa upepo. Ikakohoa tena. Dorotea akaigonga sufuria kidogo kwa ukucha, ti, ti. Halafu maji yakaja kwa nguvu, yakamrukia katibu kifuani, na sufuria ikawa chombo cha kwanza kujaa Igoma. Yahaya alikaa chini papo hapo kwenye tope akalia waziwazi, na aliyetaka kumcheka alimcheka.

Baada ya siku hiyo alifanya kazi miaka kumi na mitatu, mpira tupu, kuanzia Usagara hadi Kigongo kivukoni. Kijana yeyote aliyevuta bomba mpaka likakaza alimsikia nyuma yake: "Ongeza shibiri." Jina likamganda. Hata watoto walimwita Babu Ongeza Shibiri, naye aliitika. Kalenda za watu aliendelea kuzinyoosha, lakini akikuta Mwaija amelala amekunja magoti, alimfunika akamwacha.

Alifariki mwaka 1974, ghafla, kabla ya adhuhuri. Wakamwosha, wakamkafini, wakamswalia, na jeneza likanyanyuliwa litoke. Lilipofika mlangoni likasimama. Dorotea, mzee sasa, fimbo kando, alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha kuziba njia.

"Hatoki mtu," akasema. "Kaburi mmelipima saa ngapi?"

Wanaume wakatazamana. Mihayo, ambaye naye alikuwa ameshaota mvi, ndiye aliyejibu. "Saa sita, mama."

"Juani?"

"Juani."

"Mkampima amenyooka?"

"Ndiyo, mama."

"Hamkujifunza kitu kwake." Machozi yalikuwa yanamteremka lakini sauti yake haikuyumba. "Usiku kutakuwa na baridi. Ongezeni shibiri."

Ndani, katikati ya wanawake, Mwaija alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga, akashindwa, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka wakamshika. Mihayo akamtuma mtu makaburini. Walisubiri, jeneza begani, mpaka aliporudi kusema wameongeza. Ndipo Dorotea akakunja magoti yake, akawapisha.